Paka wa Kikombeni na Dhamana Yake

Paka yule alitugharimu shilingi elfu kumi na moja mia nne na hamsini, kabla sijarudishiwa hata ndururu. Nimehesabu mara mbili, ya kwanza nikiwa na hasira, ya pili nikiwa nimekwisha kunywa chai, na jumla ni ile ile. Ndani yake mna bei ya paka mwenyewe, tuktuk ya kumleta kwetu Muyeye kama mgeni rasmi, daktari kuja mara mbili, dawa, na maziwa ya kopo ambayo wanangu mwenyewe sikuwahi kuwanunulia, na wote walikua wakaota meno. Kwa pesa hizo mimi hununua friji ya milango miwili, iliyotumika lakini inayogandisha, nikaiuza kwa faida kabla ya adhuhuri.

Anayesoma haya ajue kwanza kwamba mimi si mtu wa kuuziwa ovyo. Kazi yangu ni kununua vyombo vya wageni, hasa Wataliano, wanaofunga nyumba zao Malindi na kurudi kwao. Naingia na salamu za Kitaliano, natoka na kitanda, feni tatu na seti ya sufuria, na mwenye nyumba ananisindikiza hadi getini akinishukuru. Meza nikiigonga kwa kidole najua kama ni mbao ya kweli au ya kubandikwa. Friji iliyotiwa gesi jana ili ingurume leo, naijua kwa sauti yake.

Na kosa langu lilitoka humo humo kwenye ujuzi. Miaka yote niliyoingia nyumba hizo nimejionea kwamba kwa Mtaliano, kitu kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyokuwa ghali. Kikombe chake cha kahawa, cha funda moja, bei yake ni ya birika letu. Kigari cha kutosha mtu na mkoba wake ndicho kinachofunikwa turubai. Mbwa wa kubebwa kwapani ana pasipoti. Basi mtu aliponiambia yuko paka mdogo kuliko paka wote, na bei yake kubwa kuliko paka wote, akili yangu haikushtuka hata kidogo. Iliona sawa kabisa.

Lakini sikumtafuta paka kwa ajili ya biashara. Nilimtafuta kwa ajili ya mama.

Mama ni mzaliwa wa mji wa kale, wa Kiswahili kilichonyooka na ulimi unaochoma. Alianguka bafuni akavunjika nyonga. Hospitali wakamtia chuma, wakamrudisha nyumbani na mkongojo wa miguu minne na maagizo mawili: atembee kidogo kila siku, na asipakate mzigo. Agizo la pili alilifuata. La kwanza hakulitaka hata kulisikia. Maumivu yalikuwapo, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko maumivu. Akawa wa kitini, karibu na dirisha, akiinuliwa kupelekwa chooni na kurudishwa. Paka wake mzee alikuwa amekufa yeye akiwa wodini, na tulikuwa tumemficha habari hiyo hadi aliporudi akamwita na hakuitikiwa.

"Mama, simama kidogo," namwambia. "Daktari kasema mguu usipotumika utakauka."

"Nisimame niende wapi?"

Nikaona kuwa mguu utakauka kweli, na mama naye atakauka juu yake, pale pale dirishani, huku sote tukimtazama. Nikawaza, nimpatie paka. Ila paka wa Muyeye ni madume mazito, yamenona kwa vichwa vya samaki, na yakimrukia pajani yatamvunja upya. Nilihitaji paka mwepesi.

Ndipo nikakutana na yule bwana. Nilikuwa natoka kwenye nyumba moja ya Mtaliano nilikokwenda kuangalia makabati, nikaishia kununua mabakuli ya plastiki tu. Alisimama upande wa pili wa barabara, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi likanyooka kama karatasi, mkononi kikapu cha ukili kilichofunikwa kitambaa. Nilikuwa namjua kwa sura. Msimu wa watalii huuza miwani ya jua. Msimu ukiisha, huuza chochote kinachobebeka.

"Shikamoo, mamangu. Sogea uone kitu ambacho hujapata kukiona."

"Marahaba. Kama ni miwani, ninayo."

Akafunua kitambaa. Kulikuwa na kikombe cha bati, na ndani ya kikombe alikuwamo paka. Kichwa kilikuwa nje na mwili wote ndani. Manyoya yalikuwa rangi ya mchanga, na juu yake madoa meusi ya mviringo, yamepangika kama ya chui.

"Paka chui wa mfukoni," akasema, akiteremsha sauti kama anayetaja kiasi cha mahari. "Mbegu ya ng'ambo. Huyu ni mtu mzima, amepindukia mwaka. Mwisho wake ndio huo."

"Mbona anatetemeka?"

"Hewa ya kwetu hajaizoea."

"Na mbona mwembamba hivi?"

"Wembamba ndio uzao wake. Umepata kumwona Mtaliano na mbwa mnene?"

Sikupata kumwona.

"Bei?"

"Kumi na tano, kwa kuwa ni wewe."

"Kwa kuwa ni mimi, tatu."

"Elfu tatu! Mamangu, elfu tatu ni ya madoa peke yake, bila paka."

Nilikuja kuyakumbuka maneno hayo baadaye. Wakati ule niliyacheka. Tulivutana, nikaondoka mara mbili, akaniita mara mbili, na tukakutana kwenye elfu sita na mia tano. Kisha nikafanya lile ambalo hadi leo najisifu nalo. Nikadai dhamana.

"Mimi friji naiuza na dhamana," nikamwambia. "Wewe unasema paka hakui. Akikua je?"

"Hawezi."

"Nimekuuliza, akikua je?"

Nikatoa bakuli moja nililonunua, dogo, la kutilia saladi. Nikasema, paka huyu akizidi bakuli hili, pesa yangu inarudi.

"Inarudi, bi mkubwa. Mungu shahidi."

"Mungu ana kazi nyingi. Shahidi awe huyu wa tuktuk anayeningoja."

Mwenye tuktuk akaitikia kwa kichwa bila kuzima injini. Na yule bwana, ambaye naye si mjinga, akaongeza sharti lake: "Chakula chake ni kijiko kimoja cha maziwa asubuhi, kimoja jioni. Ukimzidishia ukamharibu umbo, mimi simo." Nikakubali. Kila chombo cha ng'ambo huja na masharti yake, pasi hii maji safi tu, mashine ile waya mnene tu. Nilirudi nyumbani nikijipongeza. Kutoka kumi na tano hadi sita na nusu, na dhamana juu yake, na shahidi!

Mama alimpokea kwa mikono miwili, akamweka kifuani. Akamfungua mdomo kwa kidole.

"Umeniletea mtoto."

"Ni mtu mzima, mama. Ni mbegu ya ng'ambo."

"Mtu mzima gani asiyejua kujilamba?" Akamsogeza puani. "Na hii nini? Mbona ananuka arusi?"

"Harufu yake ya kizungu."

"Mwanangu, nilichovunja ni nyonga, si pua. Huyu kapakwa piko."

Nikamchukua nikamnusa. Ilikuwa piko kweli, ile rangi nyeusi wanayochorwa maharusi wetu mikononi na miguuni, ambayo ndiyo hiyo hiyo wazee wanapaka kichwani kuficha mvi. Nimehudhuria arusi nyingi kuliko nilivyonunua mafriji. Nilikuwa nimejikinga upande wa ukubwa, na upande wa rangi nikauacha wazi kama mlango wa msikiti.

Ningemrudisha jioni ile ile. Lakini dhamana ilikuwa ya ukubwa, si ya madoa, na paka bado alienea bakulini huku nafasi ikibaki. Nikaona nishike sharti langu, nimpe kijiko asubuhi na kijiko jioni, asije yule bwana akapata pa kutokea. Mama akanitazama nikipima maziwa kwa kijiko cha chai.

"Unafanya nini?"

"Nalinda dhamana."

"Katika nyumba niliyomo mimi, mnyama hanyimwi chakula. Leta kopo hapa."

"Mama, ukimzidishia hatutalipwa."

"Basi tusilipwe."

Kauli hiyo haikuwa imepata kutamkwa nyumbani kwangu tangu nianze biashara.

Kumbe mabishano yetu yote hayakuwa na maana, maana paka mwenyewe hakuweza kula. Alilamba kidogo akalala upande. Kesho yake hakuinua kichwa. Ufizi wake ulikuwa mweupe, na chini ya kila doa ngozi ilikuwa imeungua ikaanza kutoa maji. Nikampigia daktari wa mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe na mbuzi, akaja na buti zake zenye tope, akamshika kwa vidole viwili.

"Nani kakuambia huyu ana mwaka?"

"Aliyeniuzia."

"Hata miezi miwili hajamaliza. Ametolewa kwa mama yake mapema, akanyimwa chakula ili asikue. Ana minyoo, ana viroboto, hana damu. Na hii rangi ya nywele imemchoma." Akamgeuza polepole. "Hakuna paka wa kubaki mtoto, mama. Hata huko ng'ambo, wanaolazimisha kuzalisha vidogo wanapata vyenye mifupa ya biskuti na moyo mbovu. Huku kwetu hawahangaiki na kuzalisha. Wanawashindisha njaa tu."

"Na wenye madoa ya kweli?"

"Hao ndio balaa zaidi. Kuna mtu nilimtibia wake, kauziwa kama paka wa fahari, kumbe mtoto wa mondo, yule paka mkubwa wa mwituni, kachukuliwa porini. Mnyama kakua, kamaliza kuku wa mtaa, karukia mtoto wa jirani, na mwisho wakaja askari wa wanyamapori. Mtu akapoteza paka, pesa na usingizi. Afadhali wewe uliuziwa wa kupakwa rangi."

Sikuiona afadhali hiyo. Akaniachia dawa na bomba la sindano lisilo na sindano, akasema alishwe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, maziwa ya vuguvugu, tone kwa tone. Hakuahidi kitu. Alisema, akifika mwisho wa wiki huenda akaishi.

Sasa hapo ndipo nilipoogopa, wala sikumwogopea paka. Mama alikuwa amekwisha kumpa jina, jina la utani ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa ni la jamaa yetu mmoja mwembamba. Nikawaza, huyu akifa mapajani pake, baada ya yule paka mzee aliyekufa yeye akiwa wodini, mama hatainuka tena katika kile kiti. Nitakuwa nimenunua msiba, na kwa bei niliyopatana mwenyewe.

Asubuhi ile nilikuwa na mzigo Kilifi, vitanda vinne ambavyo mwenyewe alikuwa akisafiri, havingoji. Nikamwambia mama nitamwita jirani aje kupasha maziwa.

"Jirani ana mikono mizito," akasema. "Niwekee sufuria karibu."

"Karibu wapi? Jiko liko kule."

"Nenda kwenye vitanda vyako."

Nilikwenda. Nilipatana vibaya siku ile, sikusikiliza hata bei, jambo ambalo waliokuwapo bado wananitania nalo. Niliporudi nikashuka kwenye pikapu kabla haijasimama sawasawa. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

Mama alikuwa jikoni. Amesimama. Mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, mwingine unakoroga sufuria, mkongojo umewekwa kando kama mgeni asiyehitajika, na paka kafungwa kifuani kwa ushungi, ametoa kichwa. Uso wa mama umelowa jasho. Nikamkimbilia.

"Usinishike! Utamwaga maziwa."

"Mama, umefikaje hapa?"

"Kwa miguu. Wewe ulitaka nifikeje?"

Nikarudi nyuma nikasimama mlangoni. Nimeona watu wakishangilia mabao, nimewaona wakishangilia wanasiasa. Mimi nilimshangilia mwanamke mzee akizima jiko la gesi. Nilishangilia moyoni tu, maana angenifukuza. Kutoka kitini hadi jikoni si mbali, mtoto hufika akitambaa. Lakini mama aliikata safari hiyo saa baada ya saa, mchana kutwa na usiku pia, akinung'unika, akiutukana mguu wake kwa maneno niliyodhani hayajui. Hakuna daktari, wala mimi na maneno yangu yote, aliyekuwa ameweza kumtoa hata hatua moja.

Paka alifika mwisho wa wiki. Alifika na wiki iliyofuata. Daktari alipokuja mara ya pili, alimkuta anamng'ata mama kidole gumba, akacheka, akasema safari hii dawa ni ya minyoo tu. Madoa yalififia kama yanavyofifia ya biarusi baada ya fungate, na chini yake akatokea paka wa mistari, wa kawaida kabisa, mwenzao wa wale wanaopigania utumbo wa samaki sokoni. Akala. Akanenepa. Siku moja nikamtia bakulini, mkia na miguu ya nyuma vikabaki nje. Nikavaa viatu.

Yule bwana nilimkuta njia ile ile, kikapu kile kile. Mbele yake walikuwapo mume na mke, watu wa bara kwa lafudhi, na mke tayari amefungua mkoba. Ndani ya kikombe cha bati, paka mwingine, madoa mapya kabisa.

Nikamwambia yule mke, "Dada, kabla hujalipa, mnuse."

Akanitazama kama ninayetaka kumwibia, kisha akamnusa. "Kama saluni," akasema.

"Sasa hiyo ndiyo mbegu yake. Mbegu ya saluni."

Mume akacheka hadi akashika tumbo. Mke akafunga mkoba. Yule bwana akanigeukia.

"Bi mkubwa, unaniharibia riziki."

"Dhamana. Paka amezidi bakuli."

"Ulimlisha!"

"Naam. Nakiri mbele za watu wote hawa. Tulimpa paka chakula."

Wenye bodaboda waliokuwa kivulini wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Kaka, na mimi mke wangu nimemlisha akaharibika umbo. Nimrudishe kwa nani?" Mwenzake akamjibu kwamba mke wake alikuwa na umbo hilo tangu dukani. Watu wakazidi kukusanyika, na mfanyabiashara yeyote anajua kwamba umati unaocheka haununui. Akajipapasa mifuko, akanihesabia elfu mbili.

"Nyingine, leta paka nikumalizie," akasema. "Mali irudi, pesa irudi. Ndiyo desturi."

Na desturi ndiyo hiyo, siwezi kuikana, mimi mwenyewe huitumia. Lakini nilikuwa na hesabu yangu. "Paka uliyeniuzia wewe alikuwa wa kufa," nikamwambia. "Aliye kwangu nimemnunua upya kwa daktari na kwa maziwa ya kopo. Huyo si mali yako." Wenye bodaboda wakasema ni haki. Akasema basi hana zaidi. Nikatazama kikapuni. Yule mdogo alikuwa anatetemeka, kichwa kimeegemea ukingo wa kikombe.

"Huyu nakaa naye rehani," nikasema. "Ukileta elfu nne na mia tano, unampata. Neno langu."

"Neno lako?"

"Uliza Malindi nzima."

Alinipa, maana hakuwa na la kufanya. Nikamwachia kikombe chake. Nilipita katikati ya umati ule nimebeba rehani yangu, kichwa juu, na siku nyingi nilikuwa sijatembea hivyo.

Mama alikuwa mlangoni, kwenye mkongojo, akigombana na muuza samaki kwa ajili ya paka wa kwanza. Akamwona wa pili.

"Na huyu?"

"Ni rehani, mama. Mwenyewe akilipa atamchukua."

"Rehani hulishwa?"

"Sijui kwa kweli."

"Mimi najua. Nipe."

Hiyo ilikuwa kabla upepo wa kusi haujaanza. Sasa rehani ina mashavu, madoa hayaonekani tena, na imekwisha kula karibu nusu ya deni inalolidhamini. Mama huwalisha wote wawili akiwa amesimama, na asubuhi huwafuata hadi uani kuwagombeza. Juzi yule bwana akanipigia simu, sauti imejaa furaha. "Bi mkubwa, msimu umefunguka, namalizia kukusanya pesa yako. Nakuja wiki hii. Nakuomba tu usimlishe sana."

Nikakata simu. Nilimwambia mama, naye akasema aje, azungumze na yeye. Najua mazungumzo hayo yatakavyokuwa, na najua pia kwamba neno ni langu, nililitoa hadharani, na tangu nianze kazi hii sijavunja neno hata kwa kijiko. Akija na elfu nne na mia tano zimetimia, ni za kwangu na rehani ni yake, ampake tena, amnyime tena. Nimewadai watu maisha yangu yote na sijapata kuomba mdaiwa apotee njia. Sasa kila pikipiki ikisimama nje, nachungulia dirishani kabla sijaitikia hodi. Wenzangu wa biashara, na nyinyi mnaojua mambo ya sheria na dini kuliko mimi, nawaomba mnishauri kabla wiki haijaisha. Je, anayedai anaruhusiwa kukataa kulipwa?